Miguu inawaka moto, tunawapa Panadol

Ndugu zangu, mwenzenu nimekuwa kimya hapa kwa muda. Nilikuwa Tabora kikazi, kufuatilia mambo ya tumbaku. Kazi ya gazeti iliisha ndani ya siku tatu, nikahamia kwa bibi yangu kule Ng'ambo kumalizia likizo. Nimerudi Dar na hasira, na hasira yenyewe haihusiani na tumbaku. Leo sitambembeleza mtu.

Nianzie mwaka jana. Nilimtembelea bibi hapo hapo Ng'ambo. Usiku wa kwanza nikaamka kwenda msalani, nikamkuta amekaa ukumbini gizani, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji. Ilikuwa saa nane usiku.

"Shikamoo bibi. Mbona hujalala?"

"Marahaba mume wangu. Miguu inawaka."

"Tangu lini?"

"Tangu hujamaliza chuo. Nenda kalale, nimezoea."

Nimezoea! Mtu anakaa na miguu kwenye beseni kila usiku kwa miaka, shuka hawezi kujifunika kwa sababu likigusa vidole ni kama kaa la moto, halafu anasema amezoea. Na sisi wajukuu, wenye digrii zetu, tukimpigia simu tunamuuliza "bibi hujambo?" naye anajibu "sijambo", tunakata simu tumeridhika.

Bibi ana kisukari. Hilo tulilijua siku nyingi. Tusichokijua ni kwamba kisukari kilikuwa kinakula neva za miguu yake. Nikamwomba anionyeshe daftari lake la hospitali. Nikasoma ukurasa baada ya ukurasa: Panadol, diklopa, sindano, mafuta ya kuchua, vidonge vya vitamini, diklopa tena. Na maelezo aliyopewa kwa mdomo, anayakumbuka vizuri: "Bibi, huo ni uzee."

Uzee? Uzee gani unaowaka moto saa nane usiku? Na hiyo diklopa, kumpa mgonjwa wa kisukari mfululizo miezi na miaka, mnajua inavyoweza kumharibu figo? Tunampa dawa isiyozima moto, halafu tunamwongezea ugonjwa mwingine.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu. Miguu hiyo hiyo inayowaka ndiyo haihisi. Bibi alikanyaga msumari asijue, akatembea nao ndani ya kandambili mpaka jirani alipoona damu sakafuni. Kidole kimoja kikakatwa. Msidhani hayo ni ya bibi yangu peke yake. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu la kimataifa kuhusu wagonjwa wao wa kisukari waliotafunwa miguu na panya wakiwa wamelala. Hawakuamka. Hawakuhisi. Panya anakula mguu wa mtu na mwenyewe anakoroma. Nani kati yenu aliwahi kuiona habari hiyo ukurasa wa mbele?

Sehemu ya tatizo ni lugha yetu wenyewe. Sisi tuna neno moja, mshipa, na tumelibebesha mizigo yote. Mshipa wa damu ni mshipa. Ngiri ni mshipa. Kano ni mshipa. Na neva nayo ni mshipa. Bibi akifika dirishani akasema "mishipa ya miguu inanisumbua", kila anayemsikiliza anasikia la kwake. Mmoja anafikiria damu, mwingine baridi yabisi, wa tatu kazi nyingi za shamba. Neno neva lipo, mishipa ya fahamu ipo, lakini tumeyaacha kwenye vitabu vya baiolojia vya kidato cha tatu.

Haya, hizo neva zinafanyaje kazi? Nitumie mfano wa Tabora, maana Tabora inajua mambo ya njia na milango.

Zamani misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, na kutoka hapo ikaendelea Uvinza hadi Ujiji. Uvinza ilikuwa na bado ina chumvi. Watu wa kule wamechemsha maji ya chemchemi zake kwa zaidi ya miaka 1,000, na chumvi ilikuwa bidhaa kubwa ya njia ile. Sasa, chumvi ni sodiamu na klorini. Na habari za mwili wako zinasafiri kwa nguvu ya sodiamu hiyo hiyo. Neva ni njia ndefu, na ukutani mwake kuna milango midogo sana ya sodiamu. Ukichomwa mwiba kidoleni, mlango wa kwanza unafunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, sodiamu inaingia, umeme unazaliwa, umeme huo unafungua mlango unaofuata, na unaofuata, hadi uti wa mgongo, hadi ubongoni. Hapo ndipo unasema "aiyaa!"

Neva za miguuni ndizo ndefu kuliko zote, kwa hiyo ndizo zinazoanza kuharibika kisukari kikikaa muda mrefu. Nyingine zinakufa kabisa: ndiyo ganzi, ndiyo msumari na panya. Nyingine zinabaki nusu mzima nusu mfu, milango yake inafunguka ovyo hata pasipo na msafara wowote. Hakuna mwiba wala moto, lakini ubongo unaletewa habari ya moto usiku kucha. Bibi hana wazimu wala halogwi. Bibi analetewa habari za uongo na neva zake mwenyewe.

Sasa mnielewe hapa. Dawa za kutuliza milango hiyo zipo, na si za jana. Sindano ya ganzi uliyochomwa ulipong'olewa jino ni lidokeini, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943. Hiyo ni kama Mirambo alipogombana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji: hapiti mtu. Stanley mwenyewe ilibidi azungukie kusini. Lidokeini inafunga kila mlango pale ilipochomwa. Kabamazepini, dawa ya tangu miaka ya 1950, ina akili zaidi: inashikilia hasa milango inayofunguka mara nyingi mno, inayotulia inaiacha ipitishe habari. Madaktari wanaitumia kwa kifafa, na tangu miaka ya 1960 kwa yale maumivu ya neva ya usoni yanayopiga kama radi mtu akipiga mswaki tu. Kwa ugonjwa huo wa uso ndiyo dawa ya kwanza mpaka leo. Kwa miguu ya kisukari yenyewe si chaguo la kwanza. Inayotangulia huko ni pamoja na amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, ambayo inafanya kazi kwa njia zaidi ya moja, na mojawapo ni kuziba milango hii hii ya sodiamu.

Mtasema dawa kuukuu zimepitwa. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa wenye maumivu ya neva ya kisukari. Walilinganisha amitriptilini na dawa mbili za kisasa zaidi, duloksetini na pregabalini. Matokeo? Zilikaribiana. Ile kuukuu ya bei ya chini haikuachwa nyuma.

Kabamazepini na amitriptilini zote zimo katika orodha ya taifa letu ya dawa muhimu. Hazihitaji mfadhili wala ndege kutoka Ulaya. Basi kwa nini bibi alikuwa na beseni?

Kwa sababu tumezipa majina mabaya. Moja tunaiita dawa ya kifafa, nyingine tunaiita dawa ya vichaa. Nilipoingia duka la dawa na cheti halali cha daktari, muuzaji alinitazama juu hadi chini, akaniuliza kwa sauti watu wote wasikie: "Hii ya vichaa unampelekea nani?" Fikiria mama wa miaka 70 anaulizwa hivyo mbele ya majirani zake. Atainunua?

Ndugu msomaji, sikutumi dukani. Dawa hizi si pipi. Amitriptilini inaweza kumsumbua mwenye ugonjwa wa moyo, inaleta usingizi, na mzee akiamka usiku na usingizi anaanguka. Kabamazepini inaweza kusababisha vipele vya hatari kwenye ngozi, na inapunguza nguvu ya dawa nyingine, zikiwemo baadhi za ARV na vidonge vya uzazi wa mpango. Ndiyo maana nataka daktari azitoe akijua anachofanya. Lakini huwezi kuniambia kwamba kwa kuwa dawa inahitaji uangalifu, basi mgonjwa apewe Panadol na pole.

Turudi kwenye njia yetu ya misafara. Januari 1858 Mwingereza Richard Burton, akiwa na mwenzake Speke, alikuwa magharibi ya Tabora akielekea Ujiji. Homa ikamshika, mikono na miguu ikaanza kumuwaka kama iko motoni, kisha ikapooza, akabaki anahisi kuchomwachomwa tu. Ukisoma anavyoeleza mwenyewe utadhani unamsikia bibi yangu. Wapagazi wakambeba kwenye machela hadi ziwani Tanganyika. Zaidi ya miaka 160 baadaye tunajua Burton aliumwa wapi, lini na vipi. Wengi wa waliombeba hatujui hata majina yao. Na leo, kwenye njia ile ile, wajukuu wa wapagazi miguu inawawaka, na hakuna anayeandika chochote hata kwenye daftari la hospitali. Maumivu ya mkubwa yanaingia kitabuni. Maumivu ya mdogo ni uzee.

Mnaona natia chumvi? Kumbukeni stavudini. Tulipoanza kutoa ARV kitaifa mwaka 2004, dawa hiyo ilikuwa kwenye mchanganyiko wa kwanza, kwa sababu ilikuwa rahisi. Iliokoa maisha ya watu wengi, sibishi. Lakini ilikuwa inaharibu neva za miguu, na nchi tajiri zilikwisha kuanza kuiacha. Mwishoni mwa mwaka 2009 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipozitaka nchi zote ziiondoe taratibu. Wapo wazazi wetu waliopona kifo wakabaki na miguu ya moto, na walipolalamika wakaambiwa washukuru wako hai. Kushukuru uhai kunamzuia mtu kulala?

Mwaka 2011 mkaona wenyewe Loliondo. Maelfu kwa maelfu ya watu, magari yamepanga foleni kilometa na kilometa, kwenda kunywa kikombe cha Babu wa Samunge kwa shilingi 500. Mimi nilikuwa bado mtoto, lakini nakumbuka watu wa mtaani kwetu waliochanga nauli. Wasomi tuliwacheka. Wenye kisukari walikuwa kwenye foleni ile pia. Mtu aliyeambiwa "ni uzee" kwa miaka 5 akisikia kuna kikombe, asiende? Aliyempeleka Loliondo ni yule aliyemfukuza dirishani.

Na msinidanganye kwamba tunasubiri sayansi mpya. Sayansi mpya nimeifuatilia. Mwaka 2006 watafiti walieleza kuhusu familia za Pakistan ambazo baadhi ya watoto wao hawajawahi kuhisi maumivu kabisa. Ilikuja kuonekana kwamba mlango mmoja wa sodiamu, ule wa saba, haufanyi kazi mwilini mwao. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba yule fuko asiye na manyoya, ambaye asili yake ni Kenya, Ethiopia na Somalia, haumizwi na asidi kwa sababu mlango wake wa saba umeumbwa tofauti. Fuko wa Afrika Mashariki akaingia kwenye majarida makubwa ya dunia. Bibi wa Afrika Mashariki bado.

Milango hii iko aina 9. Dawa za zamani zinagusa aina nyingi pamoja, hata za ubongo na moyo, ndiyo maana zina kizunguzungu na hatari zake. Tarehe 30 Januari 2025 Marekani iliidhinisha dawa mpya, suzetrijini, inayouzwa kwa jina la Journavx, ambayo inafunga mlango wa nane tu, ulioko kwenye neva za maumivu nje ya ubongo. Ni hatua kubwa, nasema kweli. Lakini kibali kile kilikuwa cha maumivu makali ya muda mfupi, kama ya baada ya upasuaji. Kwa neva za kisukari ilikuwa bado kwenye majaribio. Na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 15.50 kwa kidonge kimoja, na mtu anameza viwili kwa siku. Piga hesabu: ni zaidi ya shilingi 70,000 kila siku. Ukimwambia bibi yangu atakucheka.

Kwa hiyo anayeniambia "tusubiri dawa mpya" ananiambia bibi akae na beseni lake mpaka afe.

Nilikwenda kwa mhariri wangu na habari hii. Akaniuliza, "Kuna aliyekufa?" Nikasema hapana. "Basi niletee ya kipindupindu." Simlaumu sana, hata mimi nimewahi kufikiri hivyo. Sisi waandishi tunahesabu maiti. Asiyelala kwa miaka 7 hayumo kwenye hesabu zetu. Halafu ukurasa wa matangazo tunamuuzia mganga anayetibu "mishipa, kisukari, nguvu za kiume na kesi mahakamani". Tunapokea pesa yake, kisha tunalia kwamba wananchi hawana elimu. Nani wa kuwaelimisha?

Mwisho wa habari ya bibi ni huu. Nilimchukua tukapanda treni hadi Dar. Daktari kijana, labda rika langu, akamwamkia, akamwambia neno ambalo kwa miaka yote ile bibi hakuwahi kuambiwa na daktari: "Bibi, naomba vua viatu." Akamgusa vidole kwa kiuzi cha plastiki, akampima moyo, akaangalia dawa zake zote, akaondoa diklopa. Akaanza na kidonge kidogo kabisa cha amitriptilini usiku. Kidonge cha mwezi mzima hakikufika bei ya kuku mmoja sokoni. Baada ya wiki tatu bibi alinipigia simu mwenyewe: "Mume wangu, nimelala hadi adhana." Moto haujaisha. Anasema sasa ni kama jivu la moto badala ya kaa. Lakini analala, na beseni limerudi kufulia nguo.

Na kilichonipa hasira wiki iliyopita ni hiki. Asubuhi ya pili nilipotoka nje nilikuta wazee watano wamekaa kwenye mkeka wa bibi. Mwangaluka, mwangaluka, tukasalimiana. Nikadhani wamekuja kunisabahi tu. Mmoja akavua kiatu akanionyesha mguu: "Mjukuu wetu, zile dawa za bibi yako, umetuletea na sisi?"

Wazee watano, mtaa mmoja. Wanamwomba mwandishi wa habari dawa! Mmoja wao alikuwa ameficha ganzi yake kwa miaka kwa kuogopa majirani watasema ana ukoma. Nao ukoma wenyewe una dawa, tena ya bure, na ukiwahi unaokoa neva. Angekwenda mapema, vyovyote iwavyo, angesaidiwa.

Sina dawa. Ninayo sauti hii tu. Kwa hiyo nasema: kila kliniki ya kisukari nchini, mgonjwa avue viatu kila anapokuja. Kiuzi cha kupimia hakihitaji umeme. Dawa hizi za neva zishuke hadi vituo vya afya, na wahudumu wafundishwe kuzitoa na kuzifuatilia. Wenye maduka ya dawa muache kutangaza ugonjwa wa mteja mbele za watu. Wahariri wetu wakatae pesa ya mganga wa "mishipa". Nawe unayesoma hapa ofisini kwenye kiyoyozi, jioni hii mpigie bibi yako. Usimuulize kama hajambo. Muulize usiku analalaje.

Naomba kuwasilisha.